Siku Sita Nikitafuta Ardhi Chini ya Manhattan

Siku ya kwanza, Jumatano

Nimeanza safari na kitu ambacho hakipo. Nimeshuka kwenye treni ya chini ya ardhi kule ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan, New York, nikavuka barabara pana ya West Street, nikaingia Battery Park City. Nikasimama katikati ya maghorofa ya matofali na vioo, nikikisia shamba la ngano lilikuwa wapi.

Maana lilikuwepo kweli. Mwaka 1982 Agnes Denes, msanii mzaliwa wa Budapest, alilima ngano ekari 2 hapa, hatua chache kutoka Wall Street, mtaa wa masoko ya fedha. Siku hizo hapakuwa na nyumba. Palikuwa na kifusi tu. Udongo na mawe yaliyotolewa kwenye shimo la misingi ya World Trade Center, pamoja na vifusi vingine na mchanga, yalimwagwa kwenye mto Hudson, mto ukasukumwa nyuma, na mji ukajipatia ekari 92 ambazo hazikuwepo kwenye ramani. Kabla wajenzi hawajaingia, Denes na wasaidizi wake waliokota mawe na takataka, wakaleta malori 200 ya udongo, wakachimba mistari 285 kwa mkono na kupanda mbegu kwa mkono. Walipalilia, wakamwagilia, wakapambana na magonjwa ya mimea kwa miezi minne. Tarehe 16 Agosti wakavuna ratili zaidi ya 1,000 za ngano safi.

Aliipa kazi hiyo jina Wheatfield – A Confrontation. Kwa Kiswahili ningesema "Shamba la Ngano: Makabiliano". Picha zake nimezitazama miaka mingi: masuke ya manjano, na nyuma yake minara pacha imesimama kama askari waliotumwa kulinda wasijue wanalinda nini. Nilidhani nikifika nitapatambua. Wapi! Mto nimeuona, Sanamu ya Uhuru nimeiona kwa mbali, lakini kati yangu na mto kuna bustani iliyonyolewa vizuri, akina mama na vigari vya watoto, na vijana wanaokimbia wamejifunga saa zinazowahesabia mapigo ya moyo.

Watu wengi huizungumzia kazi ya Denes kana kwamba ilikuwa wimbo wa kuusifu uasilia. Mimi siioni hivyo. Hapakuwa na chochote cha asili pale: ardhi yenyewe ilikuwa imetengenezwa, udongo umeletwa na malori, na ngano si mmea wa Manhattan. Alichofanya Denes ni hesabu. Kiwanja kile kilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 4.5. Juu yake akapanda zao linalouzwa kwa senti kadhaa kwa ratili, akakuacha wewe utoe na kujumlisha. Mkulima yeyote angecheka. Na mfanyabiashara wa Wall Street, aliyezoea kuuza na kununua ngano ambayo hajawahi kuigusa, sijui kama alicheka.

Nimezunguka kuelekea kaskazini nikiwa nimekata tamaa kidogo, nikakuta kitu ambacho sikukipanga. Pale Vesey Street inapokaribia mto pameinuliwa kipande cha shamba, robo ekari, mfano wa trei iliyoinamishwa. Juu yake kuna majani marefu ya pori, matuta ya zamani ya viazi yaliyoachwa bila kulimwa, na nyumba ya mawe isiyo na paa. Ni kumbukumbu ya njaa kuu ya Ayalandi, kazi ya msanii Brian Tolle iliyofunguliwa mwaka 2002. Nyumba ile ilibomolewa County Mayo, ikasafirishwa, ikajengwa upya jiwe kwa jiwe. Nimepanda hadi juu. Upepo wa mtoni unalaza majani upande mmoja.

Kwenye kifusi hikihiki mtu alipanda ngano, ikavunwa, shamba likafunikwa kwa majengo. Miaka ishirini baadaye akaja mwingine, akajenga shamba lililokufa ili watu waikumbuke njaa. Hili la pili ndilo lililopewa kukaa. Nimeandika hivyo kwenye daftari langu, nikapiga mstari chini yake, kisha nikaona aibu kwa ule mstari kwa sababu baridi ilikuwa inanifanya niwe mkali kupita kiasi.

Siku ya pili, Alhamisi

Nalala kwa binamu yangu, ambaye tangu utotoni namwita Dada. Ni muuguzi, anafanya kazi zamu za usiku. Asubuhi mimi naamka, yeye ndiyo anavua viatu.

"Leo unaenda wapi, mdogo wangu?"

"Kuna chumba kimejazwa udongo, Dada."

Alinitazama kwa muda. "Yaani umevuka bahari kuja kuangalia udongo?"

"Ndiyo. Na hawaruhusu kupiga picha."

"Basi hata ushahidi hutakuwa nao," akasema, akaingia kulala.

Chumba chenyewe kiko Wooster Street namba 141, mtaa wa SoHo. Nimefika saa tisa kamili alasiri nikakuta mlango umefungwa kwa mapumziko ya nusu saa. Badala ya kusimama kwenye baridi nimetembea hadi pembe ya LaGuardia Place na West Houston, ambako nilitaka kwenda baadaye.

Pale kuna msitu nyuma ya uzio wa chuma. Unaitwa Time Landscape. Alan Sonfist, msanii mzaliwa wa Bronx, sehemu ya kaskazini ya mji huu, alilifikiria wazo hilo mwaka 1965, likapandwa mwaka 1978. Alitaka kurudisha katikati ya mji kipande cha msitu wa Manhattan kabla ya Wazungu kufika: mialoni, mierezi, misasafrasi, vichaka, maua ya porini, na miche ya miti ya bichi iliyotoka kwenye bustani aliyoipenda alipokuwa mtoto. Hoja yake ilikuwa kwamba mji huwajengea sanamu majenerali waliokufa, basi kwa nini usiujengee mnara mto uliokufa, au msitu?

Hoja nzuri. Lakini nimekaa pale nusu saa nikitazama kupitia nondo, na nilichokiona kilinichanganya. Geti limefungwa. Majani makavu yamelala chini safu juu ya safu kama inavyotakiwa, na juu yake mkebe wa soda. Mwanamume mmoja alipita na mbwa, mbwa akanusa kona ya uzio kwa bidii kuliko sote. Ndani, mimea mitambaazi ambayo haikuwemo kwenye mpango imeparamia kingo. Ndege na upepo hawasomi michoro ya msanii. Kwa hiyo ili msitu huu ubaki kuwa wa asili, lazima mtu aingie na mkasi kuuondolea kile kilichoota chenyewe. Bila mtunzaji ungekuwa msitu mwingine kabisa, msitu halisi wa New York ya leo, wenye mbegu kutoka mabara yote, na pengine huo ndio ungeufanana zaidi mji huu wa wahamiaji.

Saa tisa na nusu nikarudi Wooster Street. Unabonyeza kengele, mlango unafunguka, unapanda ngazi. Harufu inakupokea kabla hujafika juu. Ni ile harufu ya shamba baada ya mvua ya kwanza, na kuikuta ndani ya jengo lililozungukwa na maduka ya nguo ghali ilinisimamisha nikiwa na mguu mmoja kwenye ngazi.

Kisha unaona. Sakafu yote ya ghorofa, mita za mraba 335, imejaa udongo mweusi wa kahawia, kina cha sentimita 56. Kuta nyeupe, taa, madirisha. Kizuizi kifupi cha kioo kinauzuia udongo usimwagike miguuni pako, na hapo ndipo mwisho wa kwenda. Msanii Walter De Maria aliujaza mwaka 1977 yawe maonyesho ya muda. Udongo haukuondolewa tena. Tangu mwaka 1980 taasisi ya sanaa ya Dia inauweka wazi kwa umma, bila kiingilio. Uzito wake ni kilo 127,300. Kabla ya hapo De Maria alikuwa amejaza vyumba namna hiyo mara mbili Ujerumani, Munich mwaka 1968 na Darmstadt mwaka 1974, lakini vile havipo tena. Hiki kimebaki.

Nilikuwa nimesoma yote hayo kabla. Kilichonipiga ni kitu kingine. Udongo huu hunyweshwa maji na kupigwa reki, tena mara kwa mara, kama wa shamba. Lakini kikichomoza kitu, uyoga au jani, hung'olewa. Miaka yote hii unatunzwa ili usizae.

Nilisimama muda mrefu. Kulikuwa na wazee wawili wanaonong'ona na msichana aliyefumba macho. Nikawaza juu ya viwanja vilivyofungwa mabati katikati ya miji mikubwa, ambavyo mwenyewe hataki kujenga wala kulima, anasubiri tu bei ipande. Ardhi ya mjini hupata thamani hivyo: kwa kukaa bila kufanya chochote, ikilindwa. De Maria mwenyewe hakupenda kueleza kazi zake, na sidhani angenishukuru kwa tafsiri hii. Lakini ghorofa ya SoHo isiyoingiza kodi hata senti moja kwa sababu imejaa udongo usioruhusiwa kuota, ni nani angeiangalia asifikirie pesa?

Mwisho harufu ilipotea. Pua ilikuwa imeizoea. Nilitoka nje, nikahesabu hadi mia kati ya moshi wa magari, nikatamani kurudi juu kuisikia upya, nikaona haya kubonyeza kengele mara ya pili.

Siku ya tatu, Ijumaa

Mvua. Mwavuli niliouazima kwa Dada umegeuka nje ndani kwenye pembe ya 10th Avenue na sasa ni kazi ya sanaa nayo.

West 22nd Street kuna miti iliyosimama kando ya barabara, kila mmoja na nguzo ya jiwe la basalti pembeni yake, refu kama mtoto wa miaka minane. Msanii Mjerumani Joseph Beuys aliianza kazi hii Kassel, Ujerumani, mwaka 1982: miti 7,000 na mawe 7,000. Mawe yalirundikwa mbele ya jumba la makumbusho, na hakuna jiwe lililoruhusiwa kuhamishwa isipokuwa mti umepandwa. Rundo lilipopungua, mji uliona kwa macho kiasi gani kimefanyika. Beuys alifariki Januari 1986. Mti wa mwisho ulipandwa mwaka uliofuata. Hapa New York jozi 5 ziliwekwa mwaka 1988, na 18 zaidi mwaka 1996.

Nimependa jinsi hakuna anayezitazama. Baiskeli imefungwa kwa mnyororo kwenye jiwe mojawapo. Mti unaendelea kunenepa na jiwe linabaki lilivyokuwa, na kila mwaka uwiano wao unabadilika bila mtu kufanya lolote. Hakuna uzio. Mti ukifa, jiwe litabaki likiwa shahidi. Baada ya nondo za jana nilivuta pumzi.

Kisha nikapanda High Line, reli ya juu iliyogeuzwa bustani. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1980, reli ikaachwa, na majani yakaota yenyewe juu ya kokoto. Mpigapicha Joel Sternfeld aliyapiga picha katika misimu yote, mwaka 2000 na 2001, na picha zile zilisaidia sana kuiokoa reli isibomolewe. Bustani ikafunguliwa mwaka 2009, mimea ikipangwa na Piet Oudolf kufuata hali ya lile pori. Ni pazuri, sikatai. Lakini pori lenyewe la Sternfeld liling'olewa ili upandwe mfano wake, na majengo ya kifahari yaliyoota pande zote mbili yameota haraka kuliko mmea wowote wa Oudolf. Nimeloa. Narudi nyumbani.

Siku ya nne, Jumamosi

Siku ndefu, na ndiyo niliyoisubiri. Mpango: kuvuka Central Park kwa miguu kutoka makumbusho moja hadi nyingine, kutoka mchoro hadi mchoro.

Asubuhi nimeanzia Metropolitan, mbele ya mchoro wa Thomas Cole wa mwaka 1836 ambao watu huuita The Oxbow. Cole alizaliwa Lancashire, Uingereza, mwaka 1801, kwenye nchi iliyokuwa ikijaa viwanda vya pamba, akahamia Marekani akiwa kijana. Alijua moshi kabla ya kujua msitu. Mchoro unaonyesha mto Connecticut ukijikunja, ukitazamwa kutoka juu ya mlima. Kushoto ni giza, miti iliyovunjika, dhoruba inayoondoka. Kulia ni jua, mashamba yaliyokatwa mraba mraba, moshi wa majiko. Katikati kabisa, kwenye vichaka, kuna mtu mdogo mwenye kofia anayechora. Ni Cole mwenyewe, amegeuka anatutazama. Ukisogea sana hadi mlinzi akohoe, utaona kwenye kilima cha mbali makovu ya miti iliyokatwa.

Uso wake ni mdogo mno kusomeka. Mimi niliusoma hivi: mnaona ninachokiona?

Nikatoka, nikaingia Central Park. Ekari 843, na karibu kila kitu ndani yake kimetengenezwa. Wasanifu Olmsted na Vaux walishinda shindano la kuibuni mwaka 1858. Maziwa yamechimbwa, vilima vimejengwa, mabwawa ya kinamasi yamekaushwa au kugeuzwa. Watalii husema wamekuja "kuona asili kidogo" na mimi huwa sitaki kuwaharibia siku.

Lakini ukienda upande wa magharibi, kati ya mtaa wa 82 na wa 89, utakuta vibao vya maelezo kwenye nyasi. Hapa palikuwa na kijiji cha Seneca Village. Kilianza mwaka 1825, Waamerika Weusi walio huru waliponunua viwanja. Kununua kiwanja kulikuwa na maana kubwa, kwa sababu sheria ya New York ilimtaka mwanamume Mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura. Mzungu hakudaiwa hivyo. Kufikia mwaka 1855 waliishi pale watu wapatao 225, pamoja na Waayalandi waliokimbia ile njaa ya Siku ya kwanza. Walikuwa na makanisa, shule, makaburi. Mwaka 1857 waliondolewa wote, ardhi ikitwaliwa kwa sheria, ili bustani ijengwe.

Nilikaa kwenye benchi. Siku tatu nilikuwa nikitembea na sentensi moja kichwani: mji unaifukuza asili. Na hapa miti ndiyo iliyofukuza nyumba, au tuseme ukweli, ilitumiwa kufukuza. Watoto wanateleza kwenye mteremko ambako pengine palikuwa na jiko la mtu. Kila mchoro wa mandhari tulivu una mtu aliyeondolewa ili utulivu upatikane, na Cole mwenyewe, aliyeyalilia mashoka, aliwachora Wenyeji wa Marekani kama vivuli vya zamani tu, ingawa walikuwa hai siku zake.

Kwa moyo huo nikaingia New York Historical, mtaa wa 77, kuiona The Course of Empire. Ni michoro mitano, 1833 hadi 1836. Aliyeilipia ni Luman Reed, mfanyabiashara wa jumla wa vyakula aliyeishi Greenwich Street, si mbali na pale Denes alipokuja kupanda ngano karne moja na nusu baadaye. Pesa za nafaka zimezunguka kwenye safari hii kuliko nilivyotegemea. Reed alifariki kabla kazi haijakamilika.

Mahali ni pamoja katika michoro yote: ghuba na mlima. Kwanza alfajiri, pori, wawindaji. Kisha asubuhi, wachungaji, mtoto anachora kwenye jiwe. Kisha adhuhuri, na hapa turubai ni kubwa kuliko nyingine: mji umefunika kila kitu, marumaru mpaka majini, daraja limejaa maandamano ya ushindi, na jani la kijani ukilitafuta utalipata kwenye vyungu. Kisha alasiri ya moto na mauaji. Mwisho mwezi unachomoza juu ya magofu. Hakuna mtu. Ndege amejenga kiota juu ya nguzo iliyobaki peke yake.

Mchoro wa nne unawapendeza wengi, una damu. Mimi nilishikwa na kitu kidogo. Juu ya mlima, katika kila mchoro, kuna jabali limekaa kileleni kana kwamba litaanguka wakati wowote. Haliangukii mtu. Cole ameligeuza pembe kidogo kila mara, kama mtu anayelizunguka. Katika mchoro wa tatu mji umelipanda mlima, lakini jabali lile bado liko juu, tupu. Nilienda na kurudi kulitafuta mara tano, mpaka mama mmoja aliyekuwa na wajukuu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jioni, nikielekea kusini ndani ya bustani, nilipitia mwamba uitwao Umpire Rock, karibu na mtaa wa 63. Ni mwamba halisi, haukujengwa na Olmsted. Juu yake kuna mifereji mirefu iliyochongwa na barafu kubwa iliyopita hapa maelfu ya miaka iliyopita, ikiburuta mawe kama msasa. Unaweza kuweka kidole ndani ya mfereji na kuufuata. Nimefanya hivyo hadi kijana mmoja akaniomba nisogee, anataka kupiga picha ya majengo.

Bustani hii pia inatunza miti iliyowahi kusafiri. Msanii Robert Smithson alichora mwaka 1970 kisiwa cha miti na mawe ndani ya tishari, kivutwe na boti kuizunguka Manhattan. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1973. Wenzake walikitimiza Septemba 2005; kisiwa kikazunguka siku chache, na miti yake ikaja kupandwa humu. Sijui niliipita au la. Miti haivai vitambulisho.

Siku ya tano, Jumapili

Miguu imegoma. Nimefika Madison Square tu, nikakaa. Mwaka 2021 msanii Maya Lin alisimamisha hapa mierezi 49 iliyokufa, kutoka misitu ya Pine Barrens kule New Jersey, ambako maji ya chumvi yalipenya kwenye mizizi na kuiua. Ilisimama bila jani hata moja kuanzia Mei hadi Novemba, katikati ya miti hai ya bustani. Baadaye mbao zake zilikwenda Bronx, vijana wakaunda mashua.

Leo ni nyasi tu. Kindi mmoja ananikagua mifuko.

Siku ya sita, Jumatatu

Dada hana zamu. Nimemwambia twende mwisho wa mstari wa treni A, kaskazini kabisa ya Manhattan. Ameishi mji huu miaka kumi na moja na hajawahi kufika.

"Kuna nini huko?"

"Msitu."

"Umepandwa na nani?"

"Huu haukupandwa."

Inwood Hill Park ndiko ulikobaki msitu wa asili wa kisiwa hiki, na kinamasi chake cha mwisho cha maji ya chumvi. Njiani nilimweleza habari za Eric Sanderson, mwanaikolojia aliyechukua ramani ya jeshi la Uingereza ya mwaka 1782, akailinganisha na mitaa ya leo, akakisanifu upya kisiwa kama kilivyokuwa mwaka 1609: vilima zaidi ya 570, vijito vyenye urefu wa jumla ya maili 66. Jina Mannahatta, la Walenape, wenyeji wa asili wa hapa, hutafsiriwa kisiwa cha vilima vingi. Halafu mwaka 1811 tume ikachora mitaa 155 ya kunyooka, na vilima vikaanza kusawazishwa ili vilingane na mchoro.

"Kwa hiyo walichora kwanza, halafu wakaifuata picha," Dada akasema, akitazama dirishani ambako hapakuwa na kitu ila ukuta wa handaki. Nikamwambia hiyo angepaswa kuiandika yeye.

Karibu na kinamasi kuna jiwe kubwa lenye kibao. Palikuwa na mti mkubwa wa tulipu hapa, ukafa katika miaka ya 1930, jiwe likawekwa badala yake. Kibao kinasimulia kwamba, kwa mapokeo, hapa ndipo Peter Minuit, mkuu wa koloni la Waholanzi, alipokinunua kisiwa kwa Walenape mwaka 1626, kwa vitu vya thamani ya gilda 60 hivi, fedha za Kiholanzi. Wanahistoria wengi wanasema Walenape hawakuwa na dhana ya kuuza ardhi moja kwa moja. Huenda walidhani wanakubali kuitumia pamoja. Nikamtajia Dada ile dola bilioni 4.5 ya kiwanja cha ngano. Alicheka, akatikisa kichwa, akasema pengine yule muuguzi mwenzake aliyepandishiwa kodi mwezi uliopita angelipenda jiwe hili.

Tukapanda mlima. Humo ndani mna mashimo ya mviringo kwenye miamba, yaliyochimbwa na maji ya barafu yakizungusha kokoto. Majani ya tulipu yalikuwa manjano kabisa na yalianguka bila upepo. Niliinama nikanusa udongo. Harufu ilikuwa ileile ya Wooster Street, ila humu uyoga ulikuwa umeota kila mahali juu ya gogo lililooza, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuung'oa.

Tuliposhuka maji yalikuwa yamekupwa. Tope lilimetameta, na ndege mmoja aina ya korongo alisimama kwenye mguu mmoja, nyuma yake daraja la chuma na treni ikipita juu.

Dada alitazama kwa muda. "Na hii ni sanaa ya nani?"

"Si ya mtu, Dada."

"Basi humu picha zinaruhusiwa," akasema, akanipokonya simu. Imetoka na ukungu kidogo, korongo hayumo, na pembeni kuna kidole chake.